Homa ya Mtoto Imeshuka: Sasa Ndipo pa Kumwangalia

  Leo nataka tuzungumze juu ya homa ya dengi, ambayo wengine wanaijua kwa jina la kidingapopo, na hasa dengi inapompata mtoto. Dalili zake ni zipi? Na yale majibu ya damu tunayopewa maabara, yenye herufi na namba nyingi, yanatuambia nini?

Nitarudia mambo mawili mara kwa mara, msinichoke. La kwanza: kwenye dengi, homa kushuka si lazima iwe kupona. La pili: kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Damu hupimwa leo, ikapimwa tena kesho, majibu yakalinganishwa. Homa kushuka si kupona. Kipimo kimoja hakitoshi. Mkitoka na hayo mawili leo, mtakuwa mmetoka na jambo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa kifupi. Dengi husababishwa na kirusi, na anayekisambaza ni mbu aitwaye Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu hasubiri usiku. Huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni, watoto wakiwa shuleni au wanacheza uani. Si ugonjwa wa mbali na sisi. Mombasa waliupata mwaka 2013. Dar es Salaam ikaupata mwaka 2014, na ukarudi kwa kishindo mwaka 2019, ambapo Tanzania ilithibitisha wagonjwa zaidi ya elfu sita, wengi wao wakazi wa Dar es Salaam.

Kirusi hiki kina aina nne. Mtu akiugua aina moja anapata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo moja, siyo zile tatu nyingine. Na hapa pana jambo la kushangaza: mara ya pili, kwa aina nyingine, ndiyo inayoelekea zaidi kuwa kali. Kwa hiyo mzazi asijifariji kwamba mwanangu alishaugua mwaka ule, sasa yuko salama. Hata kichanga wa miezi kadhaa, ambaye mama yake aliwahi kuugua, anaweza kupata dengi kali mara ya kwanza tu anapoambukizwa.

Sasa tuje kwenye mazoea yetu. Mtoto akichemka mwili, tunawaza nini kwanza? Malaria. Na ni sawa kabisa, malaria ipo na inaua, lazima ipimwe. Lakini kipimo kikisema hana malaria, je? Mara nyingi tunasikia, "Basi hiyo ni taifodi," au, "Hiyo ni UTI." Mtoto anapewa mfuko wa dawa, anarudi nyumbani. Wakati wa mlipuko wa dengi, swali la dengi liulizwe mapema. Asipouliza daktari, uliza wewe mzazi. Wala si utovu wa adabu.

Ili tuelewane vizuri, natoa mfano. Tuchukue mtoto wa kike wa miaka sita, tumwite Zainabu. Ni mtoto wa mfano tu, ila yanayompata ni yale yale yanayowapata watoto wengi wa dengi.

Siku ya kwanza Zainabu anarudi shule amechoka. Jioni homa inapanda ghafla, inafika 39, inafika 40. Uso umekuwa mwekundu, macho pia. Kama ngozi yake ni nyeusi, wekundu huo hauonekani kirahisi, lakini utaona macho, na utahisi joto la uso. Anasema kichwa kinauma, nyuma ya macho kunauma, miguu inauma. Chakula hataki. Anatapika. Siku ya pili hivyo hivyo, siku ya tatu hivyo hivyo. Parasetamoli inapunguza homa kwa saa chache, kisha homa inarudi.

Je, kama ni mtoto wa mwaka mmoja? Huyo hawezi kukwambia nyuma ya macho kunauma. Utaona analia bila kubembelezeka, hanyonyi vizuri, anatapika, pengine anaharisha, pengine ana mafua kidogo. Na homa ya ghafla namna hii inaweza kumletea degedege. Ndiyo maana kwa watoto wadogo dengi hujificha ndani ya magonjwa mengine. Mkubwa atakuelekeza kwa maneno. Mdogo inabidi umsome wewe.

Kuna kitu daktari anaweza kukifanya bila maabara yoyote. Anamfunga mtoto ule mpira wa kupimia presha mkononi, anaujaza hewa kiasi, anauacha dakika tano, kisha anaufungua na kuangalia ngozi. Vikitokea vidoa vingi vidogo vyekundu kwa pamoja, mishipa myembamba ya damu imelegea, na hiyo ni dalili inayoelekeza kwenye dengi. Haithibitishi peke yake. Vidoa visipotokea, haimaanishi hana. Lakini dalili hiyo ikiunganishwa na homa ya ghafla, maumivu na kutapika, mashaka yanaongezeka.

Haya, sasa twende maabara na Zainabu. Siku hizi za mwanzo atapimwa malaria. Atapimwa pia dengi kwa kipimo kinachoitwa NS1, kinachotafuta sehemu ya kirusi chenyewe katika damu. Hiki hufanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza ya homa hadi kama siku ya tano. Baada ya hapo kinadhoofika, na madaktari hutazama zaidi kinga ambazo mwili umezitengeneza, zinazoandikwa IgM. Kwa hiyo NS1 ikisoma hakuna, mtoto bado anaweza kuwa na dengi, hasa kama amechelewa kupimwa au kama ni mara yake ya pili kuugua.

Cha tatu ndicho nataka tukikalie. Ni kile kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho Tanzania kwenye karatasi huandikwa FBP. Kinapatikana sehemu nyingi, na kwa mtoto wa dengi kinaeleza mambo mengi kuliko tunavyodhani. Humo tutafute vitu vitatu: chembe nyeupe, chembe sahani, na hematokriti. Narudia: chembe nyeupe, chembe sahani, hematokriti.

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Katika magonjwa mengi ya bakteria hupanda. Kwenye dengi hushuka, na mara nyingi ndizo za kwanza kushuka, ndani ya siku chache za mwanzo. Daktari akiona mtoto ana homa kali, malaria hana, na chembe nyeupe zimeshuka chini ya elfu tano, anapata fununu mapema, kabla hatari haijafika.

Hizo ndizo siku tatu za Zainabu. Sasa inakuja siku ya nne, na hapa naomba usogee karibu na redio.

Siku ya nne asubuhi, mama anamshika Zainabu paji la uso. Homa hakuna! Nyumba nzima inafurahi. Bibi anasema alhamdulillahi, mtoto amepona. Mama anajiandaa kurudi kazini, dada anaambiwa ampe uji. Je, amepona kweli?

Watoto wengi, ndiyo, wanaelekea kupona. Lakini kwa baadhi, saa hizo ambazo homa inashuka ndizo saa za hatari. Kwa kawaida ni kati ya siku ya tatu na ya saba tangu homa ilipoanza, na hatari yenyewe hudumu saa 24 hadi 48. Nini kinatokea? Mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja. Haivuji damu nyekundu, inavuja maji ya damu, yanayotoka ndani ya mishipa na kuingia tumboni na kifuani. Mtoto hana jeraha, hatoki damu mahali popote, lakini ndani ya mishipa kunakauka.

Utajuaje ukiwa nyumbani? Zipo dalili za hatari, na nitazitaja polepole. Moja, tumbo linauma sana au mtoto hataki uliguse. Mbili, anatapika mfululizo, hakuna kinachokaa tumboni. Tatu, anatoka damu puani au kwenye fizi, anatapika kitu chenye damu, au choo kimekuwa cheusi kama lami. Nne, amelegea sana, analala tu, au kinyume chake, hatulii, anahangaika hovyo. Tano, tumbo linajaa au anapumua kwa shida. Daktari ataongeza ya kwake akishika tumbo: ini limevimba.

Ukiona hata moja kati ya hizo, usisubiri ya pili. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama homa haipo. Nasisitiza, hata kama homa haipo.

Tena angalia mikono na miguu. Ikiwa ya baridi huku tumbo na kifua vina joto la kawaida, mtoto yuko pabaya. Angalia mkojo. Kama hajakojoa kwa saa nne mpaka sita, yuko pabaya. Na wahudumu wa afya wanaonisikiliza, msitulizwe na namba ya juu ya presha peke yake. Mtoto anaweza kuishikilia namba ya juu kwa muda mrefu wakati ya chini inapanda kuifuata. Tofauti ya namba hizo mbili ikifika 20 au chini yake, huyo tayari yuko katika mshtuko, yaani damu haizunguki mwilini vya kutosha, hata kama anaongea na wewe.

Na damu ya Zainabu sasa inasemaje? Turudi kwenye karatasi. Chembe sahani ndizo zinazosaidia damu kuganda. Kwa kawaida ziko kati ya laki moja na nusu na laki nne na nusu. Kwenye karatasi utaona 150 hadi 450, kwa maana ya maelfu. Kwenye dengi zinashuka, na zikienda chini ya laki moja kwa kasi, daktari anajua saa za hatari zimekaribia au zimeanza.

Lakini ngoja. Kitu ambacho watu wengi hawakitazami ni kile cha tatu, hematokriti. Hii ni sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikilinganishwa na damu yote. Fikiria uji jikoni: maji yakipungua uji unakuwa mzito, ingawa unga hukuongeza. Ndivyo ilivyo. Maji ya damu yakivuja, damu inakuwa nzito, na hematokriti inapanda. Ikipanda kwa sehemu moja ya tano kuliko ilivyokuwa, mishipa inavuja sana. Chembe sahani zinashuka, hematokriti inapanda: zikienda hivyo kwa pamoja, hiyo yenyewe ni dalili ya hatari.

Sasa hapa ndipo lile jambo langu la pili linapoingia. Inapanda kuliko ilivyokuwa lini? Kuliko ya kwake mwenyewe, ya siku za mwanzo. Watoto wetu wengi wana upungufu wa damu: kwa lishe, kwa minyoo, kwa malaria ya mara kwa mara, kwa selimundu. Chukulia Zainabu hematokriti yake siku ya pili ilikuwa 30. Siku ya tano ni 36. Mashine haiweki alama yoyote, maana 36 kwa mtoto wa miaka sita ni ya kawaida. Mtu anayeiona karatasi hiyo moja atasema damu yake ni nzuri, nendeni nyumbani. Mwenye karatasi mbili ataona imepanda kwa sehemu moja ya tano, atamlaza. Mtoto ni yule yule na damu ni ile ile. Kinachomsaidia ni ile karatasi ya mwanzo.

Ndiyo maana nasema kipimo kimoja hakitoshi. Mzazi, usitupe karatasi ya maabara. Ibebe pamoja na daftari. Ukihamia hospitali nyingine, nenda nayo.

Jambo jingine linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Malaria nayo hushusha chembe sahani. Kwa hiyo chembe sahani zikiwa chini, usikimbilie kusema ni dengi, na kipimo cha malaria kikisema ipo, usifunge mjadala. Mtoto anaweza kuwa na yote mawili. Angalia damu inaelekea wapi: malaria huvunja chembe nyekundu, hematokriti ikashuka, dengi inayovujisha huipandisha. Kama yote mawili yapo, yanaweza kufichana, na hapo kinachosaidia ni kumtazama mtoto mwenyewe kila saa. Vipimo vya ini pia mara nyingi huwa juu katika dengi.

Haya tunayoyajua kwa sehemu kubwa yalijifunzwa kwa watoto wa Asia. Miaka ya 1950 Manila na kisha Bangkok zilipata milipuko iliyolaza watoto wengi wakitoka damu na kuingia kwenye mshtuko. Katika hospitali ya watoto ya Bangkok, Daktari Suchitra Nimmannitya na wenzake walikaa na watoto hao, wakiwapima hematokriti tena na tena, mpaka wakaonyesha kwamba kinachoua zaidi ni maji kuvuja, na kwamba kuyarudisha kwa kipimo kunaokoa. Shirika la Afya Duniani lilitumia kazi hiyo katika miongozo yake ya miaka ya 1970. Leo dengi kali isiyotibiwa inaweza kuua hata mgonjwa mmoja kati ya watano, lakini ikiangaliwa vizuri, vifo hushuka chini ya mmoja kati ya mia.

Mmesikia hapo? Hakuna dawa ya kuua kirusi hiki. Kinachofanya kazi ni maji kwa kiasi chake, na macho ya mtu anayemtazama mtoto.

Sasa tuseme yale tusiyopaswa kufanya. Kwa homa na maumivu mpe parasetamoli, kwa dozi ya uzito wake, na upishanishe saa sita. Asprini hapana. Ibuprofeni hapana. Diklofenaki hapana, ya kidonge wala ya sindano, maana hizi zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na ile sindano ya matakoni ya kushusha homa haraka inaweza kuvujisha damu ndani ya msuli. Antibiotiki haitibu kirusi.

Je, chembe sahani zikishuka, mtoto aongezewe? Mara nyingi hapana. Mtoto asiyetoka damu haongezewi kwa sababu tu namba ni ndogo. Zitapanda zenyewe mwili ukipona. Na majani ya mpapai je? Najua yanasifiwa sana. Mimi nasema hivi: chembe sahani siku hizo zingepanda hata bila majani, na juisi yake chungu isikucheleweshe kwenda hospitali wala isimtapishe mtoto ambaye tayari hana maji. Kuzikodolea macho chembe sahani na kuisahau hematokriti ni kumlinda mtoto kwa upande usio na adui.

Mpe nini basi? Kama anakunywa, mpe vinywaji kidogo kidogo, mara nyingi: maji ya ORS, madafu, uji mwepesi, juisi ya matunda, maziwa ya mama kwa anayenyonya. Juisi nyekundu kama ya rozela iache kwanza, akitapika mtashindwa kujua kama ni juisi au ni damu. Dripu iamuliwe na daktari. Ikipungua, mtoto anaingia kwenye mshtuko. Ikizidi, maji yanajaa kifuani, anashindwa kupumua. Kwa hiyo, mzazi, usimshinikize daktari atundike dripu kwa sababu jirani alitundikiwa.

Na kupona kwenyewe kunaonekanaje? Zainabu anaanza kuomba chakula. Anakojoa vizuri. Anaweza kutokwa na harara nyekundu yenye mabaka meupe katikati, ikawasha kweli kweli, isikutishe. Kwenye damu, chembe nyeupe zinaanza kupanda, sahani zinafuata. Hematokriti inarudi ilipokuwa, kwa sababu yale maji yanarudi ndani ya mishipa. Lakini hematokriti ikishuka huku mtoto anazidi kulegea, huko si kupona: huenda anavuja damu ndani, na hiyo ni dharura.

Kuzuia, mnajua. Mwageni maji yanayotuama kwenye matairi, vifuu, makopo na sahani za maua. Funikeni mapipa, na yasugueni, maana mayai ya mbu huyu hukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Na mtoto anayelala mchana, alale ndani ya chandarua mchana huo huo.

Wasikilizaji wapenzi, muda unanitupa mkono, basi nirudie kwa ufupi. Mtoto ana homa ya ghafla na malaria hana: uliza dengi. Apimwe damu mapema ili kuwe na namba ya kulinganisha, apimwe tena kila siku mpaka saa za hatari zipite. Karatasi zitunze. Diklofenaki, ibuprofeni na asprini ziweke mbali. Na homa ikishuka siku ya nne au ya tano, usirudi kazini kwanza kama unaweza, au mwachie mtu mzima anayezijua dalili za hatari. Mtazame siku mbili hizo, mchana na usiku. Tumbo likimuuma, akitapika mfululizo, akitoka damu, akilegea, mikono ikiwa baridi, mpeleke hospitali bila kungoja kukuche.